Faili ipo, programu inasema haipo: kutatua matatizo ya njia za faili kati ya Windows, Linux na macOS

Programu inakwenda vizuri kwenye laptopu yenye Windows. Unaipandisha kwenye seva ya Linux, inakata mara moja: `FileNotFoundError`. Unaingia kwenye seva, unafungua folda, na faili unaiona kwa macho yako. Hapo wengi huanza kubahatisha: wanabadilisha mikwaju (`/` na `\`), wanaongeza `..`, wanaandika kwa mkono njia nzima, yaani folda zote hadi kwenye faili. Ikikubali hawajui kwa nini, na wiki inayofuata inakataa tena.

Tutaanza na dalili, kisha tushuke hadi chanzo. Mifano ni ya Python 3, lakini karibu vyanzo vyote ni vya mfumo endeshi wenyewe, kwa hiyo anayeandika PHP, JavaScript au Go atavikuta vilevile.

Kabla ya kugusa msimbo

Angalia njia jinsi kompyuta inavyoiona, maana jicho lako linaisoma jinsi ulivyokusudia. `print(njia)` peke yake haitoshi, kwa sababu nafasi iliyobaki mwishoni au herufi isiyoonekana haitajitokeza. Weka hivi:

```python
import os
from pathlib import Path

print(ascii(njia))
print(os.getcwd())
p = Path(njia).absolute()
for k in [*reversed(p.parents), p]:
    print(k.exists(), ascii(str(k)))
```

Kitanzi hicho kinashuka kutoka mzizi, yaani folda ya juu kabisa, ngazi kwa ngazi. `False` ya kwanza ndiyo mahali pa tatizo. Zinazofuata ni matokeo yake tu. Ukishaijua ngazi hiyo, orodhesha folda iliyo juu yake:

```python
print([ascii(x) for x in os.listdir(folda_ya_juu)])
```

Linganisha jina unalolitafuta na majina yaliyopo, herufi kwa herufi. Tumia `ascii()` kila mara, kwa sababu inafichua herufi zinazofanana kwa sura lakini si zilezile. Nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yanajulikana hapohapo.

Dalili: SyntaxError, au "Invalid argument" kwenye njia iliyoandikwa vizuri kabisa

`open("C:\Users\mtumiaji\data.csv")` haifiki hata kuendeshwa. Python inalalamika: `(unicode error) 'unicodeescape' codec can't decode bytes in position 2-3: truncated \UXXXXXXXX escape`. Ndani ya alama za nukuu, `\U` ni mwanzo wa herufi ya Unicode yenye tarakimu nane, na `sers` si tarakimu.

Hiyo angalau inajitangaza. Inayosumbua zaidi ni `"D:\taarifa\nakala.csv"`. Hapo `\t` ni tabo na `\n` ni mstari mpya, kwa hiyo umeiomba Windows ifungue jina lenye tabo na mstari mpya ndani yake. Inajibu `OSError: [Errno 22] Invalid argument: 'D:\taarifa\nakala.csv'`, na kwa kuwa ujumbe unaonyesha njia sawasawa na ulivyoiandika, unaweza kuukodolea macho saa nzima. Kanuni ya kuusoma ni hii: kwenye ujumbe wa namna hiyo, njia nzima ya Windows huonyesha mkwaju wa nyuma ukiwa umerudiwa, `'D:\\taarifa\\nakala.csv'`. Ukiona mmoja tu, ujue umeshageuka kitu kingine.

Anayetaja folda zake kwa Kiswahili ana mitego mingi hapa: `\ripoti`, `\barua`, `\fomu`, `\video` na `\akiba` zote huanza na herufi ambayo Python huipa maana maalumu. `\mauzo` inapita kwa bahati, kwa sababu `\m` haina maana yoyote; tangu Python 3.12 hata hiyo hutoa `SyntaxWarning`. Ndiyo maana folda moja inafunguka na ya jirani yake haifunguki.

Dawa ni kuandika `"D:/taarifa/nakala.csv"`. Windows yenyewe inaukubali mkwaju wa kawaida inapoombwa kufungua faili. Zinazosumbua ni baadhi ya amri za `cmd.exe`. Chanzo cha tofauti hii ni cha zamani: MS-DOS ya 1981 haikuwa na folda ndani ya folda, na zilipoingia na toleo la 2.0 mwaka 1983, alama ya `/` ilikuwa tayari imeshikwa na swichi za amri kama `dir /w`. Ikachukuliwa `\`.

Unaweza pia kutumia `r"D:\taarifa\nakala.csv"`, ambapo `r` inaiambia Python iuache mkwaju wa nyuma ulivyo, ila haiwezi kuishia na mkwaju mmoja wa nyuma: `r"D:\taarifa\"` ni kosa la sintaksia. Kwenye faili la JSON hakuna `r`, kwa hiyo andika `/` au rudia `\\`.

Dalili: hakuna kosa lolote, lakini folda ya matokeo ni tupu

Msimbo umeandikwa kwenye Windows: `open("matokeo\\juni.csv", "w")`. Kwenye Linux unaendeshwa hadi mwisho bila ujumbe wowote. Folda `matokeo` haina kitu, ila pembeni yake imezaliwa faili moja ambayo `ls` inaionyesha hivi: `'matokeo\juni.csv'`. Kwa Linux, `\` ni herufi halali ndani ya jina la faili. Haitenganishi chochote.

Tatizo hilihili hujificha kwenye kanzidata. Mtu alihifadhi njia za picha kutoka Windows, `picha\2024\a.jpg`, kisha mfumo ukahamishiwa Linux. Zigeuze mara moja tu, kwa chombo kinachozielewa:

```python
from pathlib import PureWindowsPath
PureWindowsPath(r"picha\2024\a.jpg").as_posix()   # 'picha/2024/a.jpg'
```

Na kuanzia hapo, kila njia inayotoka nje ya programu, iwe inaenda kwenye kanzidata, JSON au jibu la API, itoke ikiwa fupi, yaani imeanzia kwenye folda kuu ya programu, na yenye mkwaju wa kawaida: `p.relative_to(mzizi).as_posix()`. Ukihifadhi `str(p)`, umehifadhi mfumo endeshi wa siku hiyo pamoja na njia. Majaribio yanayolinganisha `str(p) == "data/a.csv"` nayo hufeli kwenye Windows pekee kwa sababu hiyohiyo.

Ukifungua ZIP kwenye Linux na `unzip` ikaonya juu ya mikwaju ya nyuma, mara nyingi imetengenezwa na programu ya .NET Framework ya kabla ya 4.6.1. Viwango vya ZIP vinataka `/`.

Dalili: picha zinaonekana kwenye laptopu, kwenye seva hazionekani

Herufi kubwa na ndogo. Windows na macOS, katika hali yake ya kawaida, huhifadhi jina ulivyoliandika lakini zikitafuta hazijali ukubwa wa herufi. Linux inajali. `Nembo.PNG` na `nembo.png` ni faili mbili. Kamera nyingi huandika `.JPG`, mtengenezaji wa ukurasa anaandika `.jpg`, na laptopu haisemi kitu.

Kinachochelewesha watu ni Git. Unagundua kosa, unabadilisha jina kwenye dirisha la faili, unasukuma, na seva bado ina jina la zamani. Kwenye Windows na macOS, Git huweka `core.ignorecase` kuwa `true`, kwa hiyo haioni mabadiliko yoyote. Tazama jina ambalo Git inalo kwa `git ls-files`, halafu badilisha kwa Git yenyewe:

```
git mv Nembo.PNG nembo.png
```

Hali ya kinyume ni mbaya zaidi: mtu wa Linux ameweka `Kadi.js` na `kadi.js` kwenye folda moja. Anayenakili hazina hiyo (repository) ya Git kwenye Windows anapata moja tu kati ya hizo mbili, na Git inaonya kwamba njia zimegongana. Amri hii, kwenye Linux au Git Bash (terminali inayokuja na Git ya Windows), inaonyesha migongano yote:

```
git ls-files | tr 'A-Z' 'a-z' | sort | uniq -d
```

Isipotoa mstari wowote, uko salama. Bora kuamua tangu mwanzo kwamba majina yote ni ya herufi ndogo.

Dalili: faili ya "ng'ombe" haipatikani, na jina ni lilelile

Hili linatugusa sisi zaidi kuliko wengi. Ritifaa ya Kiswahili huweza kuandikwa kwa herufi tatu tofauti: `'` ya kibodi (U+0027), `’` iliyopinda (U+2019), na `ʼ` (U+02BC). Programu za kuandikia barua na baadhi ya simu hubadilisha ya kwanza kuwa ya pili bila kuuliza. Kwa hiyo `ng'ombe_2023.csv` iliyotajwa kwenye msimbo na `ng’ombe_2023.csv` iliyotumwa kwa simu ni faili mbili kwenye kila mfumo endeshi, hata Windows. `ascii()` inaitoa ya pili ikiwa `'ng\u2019ombe_2023.csv'`, na ubishi unaisha.

Hata ritifaa ya kawaida ina kazi nyingine kwenye terminali. Andika `cat ng'ombe.csv` kwenye bash, nayo inakupa alama ya `>` na kusubiri, kwa sababu inadhani umefungua nukuu ambayo hujaifunga. Bonyeza Ctrl+C, kisha andika `cat "ng'ombe.csv"`. Ndani ya Python usiunganishe amri kama sentensi. Pitisha orodha: `subprocess.run(["cp", chanzo, lengo])`, bila `shell=True`.

Kama programu yako inatengeneza faili kutokana na majina ya mahali au watu, Murang'a, Ng'ambo, Nyang'hwale, safisha kwanza:

```python
import re, unicodedata

def jina_salama(s):
    s = unicodedata.normalize("NFC", s).lower()
    s = re.sub("['\u2018\u2019\u02bc]", "", s)
    s = re.sub(r"[^\w.-]+", "_", s).strip("._")
    return s or "bila_jina"
```

Tahadhari: `ng'oa` na `ngoa` sasa vimekuwa jina moja. Kwa hiyo ongeza namba ya rekodi, mfano `0412_muranga.csv`, na jina lenye ritifaa yake libaki kwenye kanzidata ambako ndiko linakohusika.

Mstari wa `normalize` ni kwa ajili ya alama za juu ya herufi, ambazo wanaoandika Kifaransa Lubumbashi au Bujumbura wanazo kila siku. `é` ya `février.csv` inaweza kuwa herufi moja (U+00E9) au `e` pamoja na alama yake (U+0301). HFS+, mfumo wa faili wa Mac za zamani, ilihifadhi namna ya pili. Linux inapokea ilichopewa na kuzihesabu kuwa mbili.

Dalili: ukiiendesha mwenyewe inakubali, ikiendeshwa kwa ratiba inakataa

`open("data/mauzo.csv")` haimaanishi "data iliyo kando ya programu hii". Inamaanisha data iliyo ndani ya folda ya sasa, na folda ya sasa huamuliwa na aliyeiwasha programu. Cron, inayoendesha kazi kwa ratiba kwenye Linux, huanzia kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji. Huduma ya systemd (msimamizi wa huduma wa Linux) huanzia `/` usipoweka `WorkingDirectory=`. Task Scheduler ya Windows, ukiacha "Start in" wazi, huanzia `C:\Windows\System32`. Weka mzizi wako mwenyewe:

```python
MZIZI = Path(__file__).resolve().parent
mauzo = MZIZI / "data" / "mauzo.csv"
```

Hilo linatosha. Usiite `os.chdir()` katikati ya programu. Inabadilisha folda ya sasa kwa kila sehemu ya programu hiyo, zikiwemo zile ambazo hukuziandika wewe.

Dalili: ripoti ya Windows ina baiti 0

Unatengeneza jina lenye saa: `ripoti_14:30.csv`. Linux inakubali. Windows inakubali pia, na hapo ndipo penye hatari: kwenye NTFS, mfumo wa faili wa Windows, nukta pacha (`:`) hutenganisha jina la faili na mkondo wa data uliofichwa ndani yake. Inaundwa faili `ripoti_14`, haina kiendelezi, inaonyesha baiti 0, na data yako yote imo kwenye mkondo uitwao `30.csv` ambao dirisha la faili halikuonyeshi. Hakikisha kwa `dir /r`. Ukiweka na sekunde, `14:30:05`, nukta pacha zinakuwa mbili na Windows inakataa kwa `Errno 22`. Ni heri hiyo.

Tumia `strftime("%Y%m%d_%H%M%S")`. Herufi nyingine ambazo Windows haizitaki ndani ya jina ni `< > " / \ | ? *`. Nukta au nafasi ya mwisho huondolewa kimyakimya, kwa hiyo folda `mauzo jan.` ya Linux haiwezi kufika Windows na jina lake. Na usiite faili `con`, `prn`, `aux`, `nul`, `com1` hadi `com9` au `lpt1` hadi `lpt9`, hata ukiongeza kiendelezi: ni majina ya vifaa tangu enzi za DOS. Hazina yenye `aux.py` hukwama kwenye Windows kwa `error: invalid path`.

Dalili: "Filename too long", au faili ya ndani kabisa haipatikani

Kikomo cha zamani cha Windows ni herufi 260 kwa njia nzima, ikiwemo herufi ya diski na alama ya kufungia, kwa hiyo unabaki na 259. Folda mpya zina nafasi ndogo zaidi, 248. Mara nyingi ujumbe hautaji urefu; unapata `WinError 3` au `WinError 206`. Pima kwa `len(os.path.abspath(njia))`.

Tangu Windows 10 toleo la 1607 unaweza kukiondoa: kwenye Registry ya Windows, weka `LongPathsEnabled` kuwa 1 chini ya `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\FileSystem`. Python 3.6 na kuendelea inaitii. Git ina swichi yake: `git config --global core.longpaths true`. Huna haki za msimamizi? Hamishia mradi kwenye `C:\k`; unaokoa herufi nyingi kwa dakika moja.

Linux nayo ina kikomo, baiti 255 kwa kila jina. Ni baiti, si herufi: herufi za Kiarabu huchukua mbili mbili, kwa hiyo jina la Kiarabu linaishia herufi 127.

Yanayobaki, kwa ufupi

`FileNotFoundError: '~/data/a.csv'`: alama ya `~` hufafanuliwa na terminali. Python haiifafanui yenyewe. Tumia `Path.home()` au `.expanduser()`. Kama programu imeshaunda folda inayoitwa `~` kihalisi, iondoe kwa `rm -r ./~` ukiwa ndani ya folda ya juu yake. Usisahau `./`, kwa sababu bila hiyo unafuta folda yako ya nyumbani.

`cp: cannot stat 'mauzo.csv'$'\r'`: orodha au `.env` (faili ya mipangilio) imehaririwa kwenye Windows na kila mstari umebaki na `\r`, alama isiyoonekana ambayo Windows huweka mwishoni mwa mstari. Safisha kwa `sed -i 's/\r$//' .env`, kisha weka `*.sh text eol=lf` kwenye `.gitattributes`.

Sehemu ya kwanza ya njia imepotea: `Path("/srv/data") / "/picha/a.jpg"` inatoa `/picha/a.jpg`, kwa sababu sehemu inayoanza na mkwaju huanza upya. Kama sehemu hiyo imetoka kwa mtumiaji, hilo ni tundu la usalama. Hakikisha `(mzizi / jina).resolve().is_relative_to(mzizi.resolve())` kabla ya kufungua chochote, inahitaji Python 3.9.

`os.rename` inakataa kwenye Windows lengo likiwa tayari lipo, lakini Linux inaandika juu yake. `os.replace` ina tabia moja kote. Ukipata `Errno 18`, unahamisha kati ya diski mbili, tumia `shutil.move`.

Mpangilio wa faili umebadilika kwenye seva: `os.listdir` haiahidi mpangilio wowote. NTFS huwa inatoa kwa alfabeti, ext4 ya Linux haitoi hivyo. Andika `sorted(os.listdir(f))`.

Docker ndani ya Git Bash inatafuta `C:/Program Files/Git/app` ambayo hukuitaja: Git Bash imeigeuza `/app` kuwa njia ya Windows. Tanguliza `MSYS_NO_PATHCONV=1` mbele ya amri.

Na kama huna mashine ya Windows ya kujaribia, `PureWindowsPath` inafanya kazi kwenye Linux na Mac pia. Inakuonyesha Windows ingeigawaje njia hiyo bila kugusa diski: `PureWindowsPath("D:taarifa.csv").is_absolute()` inajibu `False`, kwa sababu bila mkwaju baada ya `D:` hiyo ni faili ya folda ya sasa ya diski D, popote ilipo.